Prufu na alama 70
Sarafu ya prufu hupigwa chapa zaidi ya mara moja, kwa mihuri iliyosuguliwa hadi ikang'aa kama kioo. Kipimo cha ubora wa sarafu, cha alama 1 hadi 70, kilibuniwa Marekani na William Sheldon mwaka 1949, tena kwa senti kuukuu za shaba tu. Kampuni za kupima sarafu, PCGS (1986) na NGC (1987), zilikieneza, zikifungia kila sarafu ndani ya kasha la plastiki. Mkusanyaji akabaki na njia mbili: kununua iliyokwisha kupimwa, au kupeleka yake na kulipa ada. Hii ya pili ni kamari. Prufu za kisasa hutoka kiwandani karibu safi, kwa hiyo zenye alama 69 zimejaa sokoni na bei yake mara nyingi hairudishi hata ada. Kwaruzo moja linaloonekana kwa lenzi ya kukuza mara 5 hutosha kuinyima sarafu alama kamili ya 70.