Harufu ya Dampo Huanzia Jikoni

Ndugu zetu wana-Meru na wana-Arusha, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Mwaka huu tumeona tuwaandikie historia ya jambo ambalo watu hulizungumza huku wameziba pua: takataka za mji wetu, na harufu inayowafikia ndugu zetu waliojenga jirani na dampo la Muriet. Wengi huuliza dampo litahamishwa lini. Sisi tunaona historia inatuelekeza kwenye swali lingine: kwa nini taka zetu zinanuka namna hii?

Wazee wetu kwenye miteremko ya Mlima Meru hawakuwa na dampo. Maganda ya ndizi aliliwa na ng'ombe wa zizini, na samadi pamoja na majivu ya jikoni vikarudishwa kwenye migomba na mibuni. Kilichobaki kilioza taratibu juu ya udongo, penye hewa. Wajerumani walipojenga boma Arusha mwaka 1900, na hata reli ilipofika kutoka Moshi mwaka 1929, mji ulikuwa mdogo na mashamba yalikuwa karibu.

Kisha mji ukakua. Mwaka 1967 ulitupa Azimio la Arusha na makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na watu wakazidi kuja. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ile ya 2022 ilihesabu 617,631. Ndizi, kabichi na viazi vyetu huteremka kila siku kwenda Soko Kuu na Kilombero, lakini maganda hayapandi tena mlimani. Hutiwa kiroba kimoja na nepi, chupa na nailoni, yakapelekwa Muriet, ambako dampo la kisasa lilijengwa chini ya Mradi wa Uendelezaji wa Miji Mkakati (TSCP) kwa mkopo wa Benki ya Dunia.

Ganda la ndizi likioza penye hewa hugeuka mboji, na harufu yake ni ndogo. Likifunikwa na tani za taka, penye maji na pasipo hewa, huozeshwa na vijidudu vya aina nyingine. Hao hutoa gesi ya methani, isiyo na harufu lakini inayowaka moto, pamoja na gesi ya salfa inayonuka kama yai viza. Alfajiri, hewa ikiwa baridi na imetulia, harufu hiyo haipandi juu. Hutambaa chini chini mpaka vyumbani. Ndiyo maana dampo la kisasa hutakiwa kushindilia taka na kuzifukia kwa udongo kila siku, kukusanya maji yanayochuruzika kwenye mabwawa yake, na kuwekea gesi mabomba ya kutokea. Lakini taka mbichi zikizidi, kazi hiyo nayo huzidi kuwa nzito.

Je, kuhamisha dampo kunatosha? Tutazame Dar es Salaam. Wakazi wa Tabata walichoshwa na harufu, inzi na moshi wa dampo, wakaenda Mahakama Kuu katika Kesi ya Madai Na. 299 ya 1988. Mahakama iliamuru taka zisimwagwe tena pale. Halmashauri ya jiji ikaomba kuongezewa muda, hadi mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa, akiegemea haki ya kuishi iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba. Ushindi ule ni wa Watanzania wote: ulithibitisha kwamba uchafu wa dampo si kero ndogo, ni suala la uhai wa mtu. Lakini taka zenyewe zilikwenda Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Huko kote kulikuwa na watu. Harufu ilihama, haikwisha.

Hatutaki kuihamishia harufu yetu kwa jirani mwingine. Kufukia taka ni wajibu wa mamlaka, nasi hatutaacha kuwakumbusha. Kutenganisha taka ni wajibu wetu, na huanzia jikoni: ndoo moja ya maganda na mabaki ya chakula, ndoo nyingine ya vitu visivyooza. Kila ndoo ya maganda inayobaki nyumbani au inayorudi shambani ni ndoo moja pungufu ya harufu Muriet, na ni mbolea ambayo mkulima hakuinunua.

Kwa hiyo michango ya mwaka huu tunaiomba kwa ajili ya mashimo ya mboji katika shule na masoko ya nyumbani, na vifaa vya kutenganishia taka kwa kaya zitakazojitolea kuanza.

Kuchanga si jambo geni kwetu. Wameru walipoondolewa kwenye ardhi yao Ngarenanyuki mwaka 1951, walichangishana kidogo kidogo mpaka Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, kuieleza dunia shida yao. Hawakungoja mtu mmoja tajiri. Nasi tunaomba vivyo hivyo: kila mmoja kwa uwezo wake, mkubwa kwa mdogo. Jazeni fomu ya ahadi iliyomo humu, mkabidhi kwa mwekahazina wa tawi lenu.