Kioo Kilichokazwa

Vijana wa Ramisi, kaunti ya Kwale, wanaonunua kompyuta ya mezani kwa ajili ya michezo au kuhariri video za harusi siku hizi wanataka kasha lenye ubavu wa kioo, taa za ndani zionekane. Boksi limeandikwa "tempered glass". Ukimuuliza muuzaji maana yake, mara nyingi utaambiwa ni kioo kigumu, hakivunjiki. Jibu hilo linawatia watu hasara, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kwanza kasha lenyewe. Mitaani sanduku zima huitwa sipiyu, ingawa sipiyu hasa ni kile kichakataji kidogo kilichobanwa chini ya feni, kinachoenea kiganjani. Mnunuzi akisema "nataka sipiyu ya kioo", muuzaji hajui kama anataka kompyuta nzima au sanduku tupu. Kasha ni neno letu la siku nyingi, linaeleweka, na halina sababu ya kuachwa.

Tukirudi kwenye kioo, tafsiri ya "kioo kigumu" haisemi kitu. Kioo chochote ni kigumu, na cha dirishani bado huvunjwa na mpira wa watoto. Wengine hupendelea "kioo sugu", na hao wamekaribia, kwani sugu ya kiganjani nayo ni ngozi iliyokomaa juu huku nyama ya chini ikiwa laini. Lakini neno hilo limeshahamia kwenye maradhi na madeni yasiyosikia dawa; msomaji atadhani kioo hicho hakishindwi na lolote.

Mimi nachagua kioo kilichokazwa, kwa sababu kitenzi hicho kinaeleza kilichofanyika kiwandani. Kioo hukatwa kwanza kwa kipimo chake na kutobolewa matundu ya skrubu, kisha huingizwa tanuri hadi kipite nyuzi 600 za Selsiasi. Kikitoka, hupulizwa upepo baridi kwa nguvu pande zote mbili. Ngozi ya juu inakakamaa mara moja. Ndani bado ni moto. Panapopoa baadaye pangetaka kusinyaa, lakini ngozi imeshakakamaa na haifuati. Basi ndani panavuta, juu panabanwa, na hali hiyo hudumu maisha yote ya kioo. Ufa haufunguki kirahisi kwenye ngozi iliyobanwa, ndiyo maana nguvu yake hufika mara nne hadi tano ya kioo cha kawaida chenye unene uleule. Mfaransa Alfred Royer de la Bastie alipata hataza ya kazi hii mwaka 1874, ila yeye alikuwa akichovya kioo cha moto kwenye mafuta.

Vioo vingi vya simu hukazwa kwa njia nyingine. Huzamishwa katika chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa. Chembe za sodiamu zinatoka kwenye kioo, na za potasiamu, ambazo ni kubwa zaidi, zinajipenyeza mahali pake na kuibana ngozi. Njia ni mbili, lakini zote huiacha ngozi imebanwa, na kitenzi kukaza kinazibeba zote.

Neno hilohilo linaonya pia, kwani kilichokazwa hufyatuka. Udhaifu wa kioo hiki cha kasha uko ukingoni na kwenye pembe. Mtu anafungua skrubu, anautoa ubavu ili asafishe feni, anausimamisha juu ya sakafu ya taili. Taili ni ngumu kuliko kioo. Ncha yake ndogo ikiutoboa ukingo na kuipita ngozi iliyobanwa, mvutano wote wa ndani unaachiliwa kwa mpigo, na kioo kizima kinamwagika punje punje. Punje hizo hazikati kama vigae vya dirisha, na kwa sababu hiyo vioo vingi vya ubavuni vya magari hutengenezwa hivi. Lakini ubavu ndio umekwisha. Fundi wa vioo hawezi kukukatia mwingine kutoka kwenye kioo kilichokwisha kukazwa, maana akijaribu kukikata kitapasuka chote. Atakukatia cha kawaida, au plastiki angavu.

Kwa anayechagua kasha huku kwetu, ushauri wangu ni kioo ubavuni na wavu mbele. Ramisi iko karibu na ghuba ya Funzi. Hewa ina joto na chumvi, na kasha lililozibwa kioo mbele linaifanya feni ihangaike kutafuta pumzi. Kuwe na kichujio cha vumbi kinachotoka bila bisibisi, ukisafishe mara kwa mara. Taa usizichomeke kwa kubahatisha: zenye tundu la pini tatu hutumia voli 5, zenye pini nne voli 12, na mkanda wa taa wa voli 5 ukiupa 12 utaungua.

Mchanga wa silika, malighafi kuu ya kioo, unapatikana katika kaunti hii ya Kwale, huko Waa, Tiwi na hapahapa Ramisi. Mwanafunzi anayeukanyaga anastahili kufundishwa kwa Kiswahili jinsi unavyogeuka kuwa kioo na jinsi kioo kinavyokazwa, na walimu wa sayansi wa Msambweni hawana haja ya kusubiri kamusi mpya ndipo waanze.

Nanyi wenye maduka Ukunda na Msambweni, acheni kumwambia mteja kwamba hakivunjiki. Bandikeni karatasi kwenye boksi: "Kioo kimekazwa. Usikisimamishe kwenye taili. Kilaze juu ya mkeka au kitambaa."