Safu ya Lugha: Lebo Mbili si Lebo Pacha

Siku hizi mafundi wa mitandao, kuanzia Kitui mjini hadi Wote, husikika wakisema "lebo pacha" wanapozungumzia alama mbili ambazo swichi za mteja na za mtoa huduma hubandika kwenye fremu ya data. Neno lebo halina tatizo. Tulilichukua kwa Waingereza na limezoeleka. Kosa liko kwenye pacha. Pacha huzaliwa pamoja, lakini hapa lebo ya ndani ni ya mteja, na ya nje huongezwa baadaye na mtoa huduma. Ni kama gunia la ndengu lenye alama ya mkulima: msafirishaji huongeza yake, kisha huibandua mzigo ukifika.

Namba ya lebo ina biti 12, hivyo namba zinazoweza kutumika ni 4,094 tu. Kiwango cha mitandao cha 802.1ad kikaruhusu lebo ya pili, ili hospitali na shule zinazotumia lebo yenye namba ileile, tuseme 10, zisigongane kwenye waya mmoja. Wala tusiuite uwekaji huu wa lebo "usimbaji". Kusimba ni kugeuza data kuwa msimbo. Lebo hutenganisha tu. Tuseme "lebo ya ndani" na "lebo ya nje". Zikiwa pamoja, "lebo mbili" yatosha.