Uigaji wa Vumbi na Gesi katika Mawingu ya Nyota

Uigaji wa vumbi na gesi ni tawi la astrofizikia linalotumia kompyuta kufuatilia jinsi mawingu baridi ya angani yanavyoporomoka na kuzaa nyota. Hesabu zake hushughulikia graviti, mwendo wa gesi, uga sumaku na vumbi. Vumbi ndilo lililodharauliwa kwa muda mrefu: kati ya nyota huwa takriban asilimia 1 tu ya uzito wa gesi, na chembe zake nyingi hazifiki hata mikromita 1.

Udogo huo unadanganya. Karibu gesi yote ya mawingu hayo haina chaji, hivyo uga sumaku hauwezi kuishika moja kwa moja. Hushika ioni na elektroni chache zenye chaji zilizomo, nazo huisukuma gesi kwa kugongana nayo. Vumbi huzinasa ioni na elektroni hizo. Kadiri zinavyopungua, ndivyo uga unavyoteleza kupitia gesi. Utelezi wa namna hii Leon Mestel na Lyman Spitzer waliueleza mwaka 1956.

Kuusahau utelezi huo kuna gharama. Miigo iliyochukulia gesi na uga kuwa vimegandana ilionyesha usumaku ukiufungia breki mzunguko wa wingu, hata sahani ya kuizunguka nyota changa ikashindwa kuumbika. Ilhali mwaka 2014 darubini za ALMA, nchini Chile, zilipiga picha ya sahani ya nyota changa HL Tauri pamoja na pete zake. Kilichong'aa pichani ni vumbi lenyewe!

Kuliigiza vumbi hilo si rahisi: chembe ndogo huandamana na gesi kama moshi na upepo, kubwa hujiendea. Mtunzi wa programu anaweza kuhesabu mitiririko miwili, wa gesi na wa vumbi, au, kama walivyopendekeza Guillaume Laibe na Daniel Price mwaka 2014, mchanganyiko mmoja ambao kiasi chake cha vumbi hubadilika toka mahali hadi mahali. Njia ya pili huokoa muda mwingi wa kompyuta chembe zikiwa ndogo. Zikiwa kubwa kiasi cha kupishana zikienda pande tofauti, njia hiyo huharibu jibu.

Mwaka 2020 Ugo Lebreuilly, Benoît Commerçon na Laibe waliigiza kuporomoka kwa wingu kwa programu ya RAMSES. Chembe za makumi kadhaa ya mikromita na zaidi zilijitenga na gesi, zikarundikana kwenye kiini na sahani, huku gesi ya pembeni ikibaki na vumbi pungufu.