Kumbi Ndogo Zilizoiunda Ska ya Coventry

Historia ya ska na rege nchini Uingereza husimuliwa zaidi kama historia ya sahani za santuri. Muziki ulizaliwa Kingston, ukavuka bahari pamoja na wahamiaji wa Jamaika, ukauzwa madukani London, na mwaka 1979 vijana wa Coventry wakaufufua kwa kusikiliza sahani kuukuu za Prince Buster. Hakuna uongo hapo, ila kuna pengo. Sahani hizo zilikuwa zimezagaa Uingereza nzima tangu miaka ya sitini, lakini ni Coventry na Birmingham, miji jirani iliyoachana kwa kilomita 30 hivi, iliyotoa The Specials, The Selecter, The Beat, Steel Pulse na UB40 ndani ya miaka michache. London ilikuwa na Madness, lakini hata hao walitoa wimbo wao wa kwanza kwa lebo ya 2 Tone ya Coventry. Kwa maoni yangu, lililoleta tofauti ni mahali pa kupigia: baa, vituo vya vijana na kumbi za dansi ambamo bendi ilipaswa kumchezesha mtu aliyesimama hatua mbili tu kutoka kwenye spika.

Chukua mfano wa The Specials. Coventry ulikuwa mji wa viwanda vya magari, na watoto wa wafanyakazi weusi na weupe walikulia mitaa ile ile. Jerry Dammers, mpiga kinanda, alikusanya wanamuziki wa pande zote mbili mwaka 1977, na kundi hilo, likijiita Coventry Automatics, likawa linapiga Jumatatu katika klabu ya Mr George's. Mwanzoni walichanganya panki na rege kwa kuzipanga zamu: wimbo wa mbio, kisha wimbo wa polepole. Walioujia wa mbio walipoa ukiingia wa polepole, na walioujia wa polepole vivyo hivyo. Mwaka 1978, walipokuwa wakifungua maonyesho ya bendi ya panki ya The Clash, kundi la mashabiki wakorofi huko Bracknell lilipanda jukwaani na kumshambulia mwimbaji wa bendi nyingine. Baadaye Dammers alieleza kwamba usiku huo ndipo wazo la The Specials lilipozaliwa. Ska ilimaliza tatizo lililowashinda kwa zamu: gitaa linakata kwenye nafasi kati ya pigo na pigo kama katika rege, lakini kasi inamtosha mpenzi wa panki. Mpenzi wa dansi wa Dar es Salaam hatashangaa. Bendi zake nazo zilibadilisha mitindo kwa kuwatazama wachezaji sakafuni.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote unapimika kwa saa. Katika albamu yao ya mwaka 1979, wimbo “Too Much Too Young” unakwenda taratibu na kuchukua takriban dakika sita. Ule ule, uliorekodiwa mbele ya watu katika ukumbi wa Lyceum mjini London, unamalizika kwa dakika mbili na sekunde chache. Huo wa pili ndio ulioshika namba moja Uingereza mwanzoni mwa 1980. Upande wa pili wa sahani hiyo ulirekodiwa nyumbani kwao, ukumbi wa Tiffany's, Coventry, nao ni mfululizo wa nyimbo za zamani za Jamaika zilizounganishwa bila kumpa mchezaji nafasi ya kukaa. Studio iliwapa albamu nzuri, lakini toleo lililowapeleka kileleni lilipikwa jukwaani.

Kuna atakayesema kwamba ninasahau mitambo ya saundi, yaani spika kubwa na sahani zilizotawala dansi za Wakaribi kabla ya bendi yoyote. Ni kweli, na Neville Staple ni shahidi. Alizaliwa Jamaika, na kabla ya kujiunga na The Specials alikuwa na mitambo yake katika kituo cha vijana cha Holyhead. Alianza na bendi kama mbeba vyombo, kisha akashika maikrofoni na kuanza kughani juu ya muziki kama alivyozoea. Lakini hapo ndipo mitambo yenyewe inaponiunga mkono: mazoea ya saundi hayakuingia kwenye bendi kwa njia ya sahani, yaliingia kwa mtu aliyekuwepo, kwenye chumba kile, usiku ule. Hali kadhalika wazee wa kupuliza. Tromboni ya Rico Rodriguez inasikika katika wimbo wa Dandy Livingstone kuhusu Rudy wa mwaka 1967, na inasikika tena The Specials walipoupiga upya mwaka 1979. Ni mpulizaji yule yule. The Beat wa Birmingham walimchukua Saxa, mpuliza saksafoni wa Jamaika aliyekaribia miaka 50, akiwa anapiga baa za Handsworth, mtaa wa Birmingham. Sahani ingewafundisha noti, lakini pumzi ya kupuliza walijifunza kwa kusimama kando ya mtu.

Pingamizi zito zaidi ni la milango iliyofungwa. Steel Pulse, walioanza Handsworth mwaka 1975, walinyimwa nafasi katika kumbi za Wakaribi wa Birmingham kwa sababu ya imani yao ya Kirasta. Basi wakapiga mbele ya mashabiki wa panki, ambao wengi wao hawakuwa na habari na Uhabeshi wala Haile Selassie, mfalme wake anayetukuzwa na Warasta, na albamu yao ya Handsworth Revolution ya 1978 iliingia kumi bora. Siwezi kuzisifu kumbi zilizowafukuza. Ninachosema ni kwamba hata kukataliwa kulikuwa na kazi: mwenye ukumbi aliamua nani asikilizwe na nani, na hesabu hiyo ndiyo iliyoweka rege mbele ya vijana weupe.

Wala kucheza pamoja hakukuua ubaguzi. Vijana wa vipara wenye siasa za chuki walikuja kwenye maonyesho hayo hayo, na mwaka 1981, katika “Ghost Town”, The Specials walilalamikia ukosefu wa kazi, ghasia na klabu zinazofungwa. Wimbo ulishika namba moja mwezi Julai, miji ikiwaka, na bendi ikavunjika papo hapo. The Beat walifuata mwaka 1983.

UB40 ndio wanaoitia doa hoja yangu. Nao walianzia baa, Hare and Hounds ya Kings Heath, Februari 1979, wakijiita kwa jina la fomu ya kudai posho ya wasio na kazi. Lakini muziki wao ulikuwa wa polepole tangu mwanzo, na ulipohamia viwanja vikubwa haukupungukiwa kitu. Kilichowafikisha namba moja mwaka 1983 ni “Red Red Wine”, walioujua kwa sahani ya Tony Tribe, bila kufahamu kwamba mtunzi wake ni Neil Diamond. Hapo sahani inashinda, na ninaikubalia. Ska ya Coventry, iliyohitaji jasho na dari fupi, haikupata njia hiyo.