Kofia ya Minnie Pearl: Mshamba wa Kusini mwa Marekani alipopata mtetezi

Novemba 28, 2025, jukwaa la Grand Ole Opry la Nashville, Tennessee, lilitimiza miaka 100 tangu lianze kusikika redioni. Likitajwa, wengi hukumbuka waimbaji. Wachekeshaji wake nao wanastahili heshima, kwa kuwa walifanya kazi ngumu: kuchekesha kwa maisha ya mashambani ya Kusini bila kuwadhalilisha wanaoyaishi.

Kumcheka mshamba wa Kusini ni jambo la siku nyingi. Mwaka 1835 Augustus Baldwin Longstreet, mwanasheria wa Georgia, alichapisha visa vya wanavijiji wanaopigana na kulaghaiana katika kubadilishana farasi. Baadaye Joel Chandler Harris aliandika hadithi za sungura mjanja alizozisikia kwa watumwa weusi. Msomaji wa Afrika Mashariki atamtambua sungura huyo mara moja. Mwaka 1934 katuni ya Li'l Abner, ya Al Capp kutoka Connecticut, ikawaonyesha watu wa milimani kuwa wajinga, wavivu na wapenzi wa pombe ya kienyeji.

Ndipo akaja Minnie Pearl. Jina lake halisi ni Sarah Ophelia Colley, mzaliwa wa Centerville, Tennessee, mwaka 1912. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mbao, naye alisomea maigizo katika chuo cha Ward-Belmont. Akawa anazunguka miji midogo ya Kusini akiwaandaa wenyeji kuigiza.

Katika tawasifu yake ya 1980 anasimulia alivyofika Baileyton, Alabama, mwaka 1936, akakaribishwa na bibi mmoja wa milimani aliyejua kusimulia hadi mgeni akasahau baridi. Walipoagana, bibi alimwambia anamwona kama mmoja wao. Colley aliondoka na lafudhi ya bibi yule, visa vyake na uchangamfu wake, akamuumba Minnie Pearl.

Mwaka 1940 aliomba nafasi Opry. Wakubwa wakasita: binti msomi, tena wa familia ya kujiweza, wasikilizaji si watasema anawakejeli? Wakampa dakika chache usiku, wengi wakiwa wameshalala. Barua za kumtaka arudi zikamiminika.

Alibaki kwa takriban nusu karne, kichwani kofia ya maua yenye lebo ya bei, dola 1.98, ikining'inia. Watu walicheka kwa sababu walimjua mwanamke huyo: aliyejinyima, akanunua kofia mpya, na furaha ikamzidi. Hakuna aliyetukanwa hapo.

Mlango wa Opry, hata hivyo, haukuwa wazi kwa wote. DeFord Bailey, mpiga kinanda cha mdomo mweusi na nyota wa mwanzo wa Opry, aliondolewa mwaka 1941, akaishi kwa kung'arisha viatu mjini Nashville. Shamba la Kusini likaendelea kuchekwa kana kwamba weusi hawakulilima. Hilo ni doa, na sherehe ya miaka 100 haiwezi kulifuta.

Televisheni ilifuata. Kipindi cha vichekesho The Beverly Hillbillies kilianza 1962 na kuongoza kwa watazamaji nchini misimu miwili mfululizo. Mwaka 1971 kituo cha televisheni cha CBS kikafuta vipindi vyake vya mashambani kwa mkupuo, kikitafuta watazamaji vijana wa mijini. Kituo hichohicho kilipotaka, mwaka 2002, kuchukua familia halisi ya kijijini na kuiweka katika jumba la kifahari ichekwe, Kituo cha Mikakati ya Vijijini cha Whitesburg, Kentucky, kiliongoza upinzani. Seneta Zell Miller wa Georgia naye alikikemea kipindi hicho bungeni. Hakikurushwa hewani.



Watu wa vijijini waliokipinga kipindi hicho hawakukataa kuchekwa. Walikataa kufanywa kichekesho na watu wasiowajua. Minnie Pearl alikaa kwanza na wenyeji, akawasikiliza, ndipo akawachekesha. Anayetaka kuchekesha kwa maisha ya kijiji, popote pale, aanzie hapo.