Kwa Nini Sijamtumia Baba Mdogo Kifaa cha Masikio

Huku Spånga baridi ni ileile, sisi tumeshazoea.

Baba mdogo, shikamoo. Umeniomba mara tatu nikununulie kifaa cha kusikilizia, nami nimekaa kimya. Najua mmeanza kusema nimefika Ulaya nimesahau kwetu. Hapana. Jibu lenyewe lina historia yake, nivumilieni.

Hapa Uswidi anayekupima usikivu na kukuwekea kifaa anaitwa audionomi. Anasomea kazi hiyo chuo kikuu miaka 3. Lakini leseni ya serikali, ambayo wauguzi wa huku wanayo tangu 1958, wao waliipata tarehe 1 Aprili 2006 tu, siku moja na wataalamu wa lishe na wa maabara. Kabla ya hapo jina hilo halikuwa na leseni nyuma yake. Sasa linalindwa na sheria. Leseni inatolewa na Socialstyrelsen, haohao wanaotoa za sisi wauguzi, na mtu akiharibu kazi inaweza kufutwa.

Tena kazi ina mipaka. Audionomi anapima, anachukua umbo la sikio, anarekebisha sauti ya kifaa na kukufuatilia. Lakini sikio likitoa usaha, au usikivu ukipotea ghafla, hapo ni kwa daktari kwanza.

Mtaniuliza, mbona Marekani vinauzwa madukani? Kweli, tangu Oktoba 2022 vipo vinavyouzwa bila kupimwa. Ila ni kwa watu wazima ambao usikivu umepungua kidogo au wastani. Watoto hawamo.

Sasa wewe baba, sikio lako la kushoto linavuja tangu mwaka jana! Nikikutumia kifaa tutakuwa tumeziba usaha ndani, halafu tuuite msaada. Mimi ni nesi, lakini kupima masikio si kazi niliyosomea, tena kwa simu!

Kwa hiyo nimemtumia dada nauli na hela ya matibabu. Akupeleke hospitali ya mkoa, umwone daktari wa masikio. Sikio likipona, upimwe. Wakisema unahitaji kifaa, hicho nitalipa mimi, hata kama ni kwa kubana matumizi.

Usininunie, baba. Wasalimie wote hapo nyumbani. Tutaonana Mungu akipenda.